Viza ya kusoma lugha ng'ambo: kijana wa Banalia hukwama kabla ya kufika ubalozini

Mjini Banalia, pale Barabara ya Taifa namba 4 inapoukuta mto Aruwimi na magari kulazimika kusubiri pantoni, hakuna ubalozi wala kituo cha kuchukua alama za vidole za waombaji viza. Kisangani, makao makuu ya mkoa wa Tshopo, iko takribani kilomita 128 kuelekea kusini. Lakini hata huko kijana anayetaka kwenda kusoma Kijerumani Ujerumani, au Kiingereza Uingereza na Marekani, hatakuta dirisha la kupokea ombi lake. Dirisha hilo liko Kinshasa, umbali wa kilomita 1,734 kwa njia ya mto kutoka Kisangani.

Mjadala kuhusu viza za wanafunzi wa Kiafrika mara nyingi huanzia ubalozini: nani amekubaliwa, nani amekataliwa na kwa nini. Takwimu za balozi huhesabu waliofika mbele ya karani na kuwasilisha ombi. Hazimhesabu aliyekosa cheti cha kuzaliwa, aliyeshindwa nauli ya kwenda mji mkuu, au ambaye fedha za familia yake zipo lakini hazionekani katika akaunti yoyote ya benki. Kwa wilaya kama Banalia, hao ndio wengi.

Ndiyo maana suala la viza ya shule ya lugha, ambalo kwa mtu wa Kinshasa au Nairobi linaweza kuonekana kama jambo la mtu na ubalozi wake, huko Tshopo ni suala la serikali, barabara na benki. Kinachoamuliwa ni nani katika mkoa huo atajifunza lugha zinazotumika katika ajira za mashirika ya kimataifa, kampuni za madini na biashara ya mpakani, na nani atabaki nje ya mlango.

Karatasi kabla ya viza

Kila ombi la viza huanza na pasipoti, na pasipoti huanza na cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo. Sheria ya Familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Muda huo ukipita, mzazi au mhusika lazima aende mahakamani kupata hukumu inayochukua nafasi ya tamko la kuzaliwa, kisha arudi kwa ofisa wa kumbukumbu za raia ili cheti kiandikwe. Uchunguzi wa MICS uliofanyika nchini humo mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kuwa ni takribani watoto 4 tu kati ya 10 walio chini ya umri wa miaka mitano walioandikishwa. Vijijini hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ofisi ya kuandikisha inaweza kuwa mbali kwa safari ya siku nzima kwa baiskeli au pikipiki.

Kijana anayefikisha umri wa kwenda masomoni leo alizaliwa katika miaka ambayo Kisangani na maeneo yaliyoizunguka yalikuwa yanatoka vitani. Wengi wa rika lake hawakuandikishwa kwa wakati. Wanapohitaji pasipoti, ndipo hugundua kwamba mbele ya sheria kuzaliwa kwao hakujaandikwa popote.

Kitambulisho cha taifa nacho hakisaidii. Sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanyika mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo imetumika kama kitambulisho. Serikali ilizindua kadi mpya ya taifa Juni 2023, lakini mkataba wa mradi huo ukavunjwa mwaka 2024 kabla kadi haijawafikia wananchi wa kawaida.

Kisha kuna suala la majina. Mkongomani huandikwa kwa jina, jina la pili linaloitwa kwa Kifaransa post-nom, na jina la kwanza. Fomu nyingi za viza zina nafasi mbili tu: jina la ukoo na jina la mtu. Diploma ya serikali ikiwa na mpangilio mmoja, kadi ya mpiga kura mpangilio wa pili na cheti cha kuzaliwa kikikosa herufi moja, ofisa anayepokea faili anaona watu watatu badala ya mmoja. Kwa mtu aliye karibu na ofisi husika, hilo ni kosa la kurekebisha kwa siku chache. Kwa mtu wa Banalia, ni safari nyingine.

Pasipoti yenyewe imekuwa na historia ya kuumiza mifuko. Ile ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2015 iliuzwa kwa dola 185 za Marekani, moja ya bei za juu kabisa duniani. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilifichua kuwa dola 60 katika kila pasipoti zilikuwa zikienda kwa kampuni iliyosajiliwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Baada ya mkataba huo kumalizika, bei ilishushwa hadi dola 99 mwaka 2020, na pasipoti mpya iliyoletwa mwaka 2025 ikatangazwa kwa dola 75. Ni nafuu kubwa, lakini bei iliyotangazwa ni sehemu tu ya gharama. Anayetoka mbali hulipa pia nauli, malazi, picha, nakala na siku za kungoja.

Kinshasa si jirani

Barabara ya moja kwa moja inayopitika kwa uhakika kutoka Kisangani hadi Kinshasa haipo. Anayekwenda mji mkuu ana njia mbili: ndege, ambayo tiketi yake familia nyingi haziimudu, au mto. Meli na mashua kubwa za mbao ambazo Wakongomani huziita baleinière hushuka na mkondo kwa siku nyingi, na kupanda tena kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Ajali za mashua zilizojaza watu na mizigo kupita kiasi si habari ngeni kwa wasomaji.

Safari hiyo haiwezi kukwepwa kwa kutuma karatasi kwa mtu mwingine. Viza nyingi za masomo zinamtaka mwombaji afike mwenyewe kutoa alama za vidole, na kwa Marekani kufanyiwa mahojiano ana kwa ana. Karatasi moja ikikosekana, miadi mipya huweza kuwa wiki au miezi mbele. Mwenye ndugu Kinshasa hulala kwa ndugu. Asiye na ndugu hulipa chumba huku pasipoti yake ikiwa ubalozini.

Kabla ya miadi, vyeti vya shule vinatakiwa kuthibitishwa. Diploma ya serikali, ambayo mwanafunzi huipata baada ya mtihani wa taifa, mara nyingi huchelewa kuchapishwa, na muhuri wa mwisho wa kuitambulisha nje ya nchi hutolewa na wizara zilizoko mji mkuu. Hivyo kijana huyo huyo anaweza kuhitaji Kinshasa mara mbili: kwanza kwa mihuri, pili kwa viza.

Mara nyingine hata siasa za juu humfikia mwombaji wa mwisho kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2018, mvutano kati ya serikali ya Rais Joseph Kabila na Ubelgiji ulisababisha kufungwa kwa Maison Schengen, nyumba iliyokuwa ikishughulikia viza za nchi nyingi za Ulaya mjini Kinshasa. Ilichukua takribani mwaka mmoja kabla kituo kipya cha viza cha Ulaya kuanza kazi. Waliokuwa wamelipia shule kwa muhula huo hawakuwa sehemu ya ugomvi, lakini walibeba gharama yake.

Fedha ambazo benki haizioni

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni uthibitisho wa fedha. Ujerumani ni mfano mzuri, kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi na yana viza maalumu kwa ajili ya kozi ya lugha. Kwa mwaka 2025, mwanafunzi wa kigeni alitakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi, kwa kawaida katika akaunti iliyofungwa ambayo humruhusu kutoa kiasi kidogo kila mwezi baada ya kufika. Kwa anayekwenda kusoma lugha tu bila nafasi ya chuo, kiwango hicho huongezwa kwa asilimia 10, na kufikia karibu euro 1,091 kwa mwezi. Ada ya kozi ni juu ya hapo.

Linganisha na hali ya nyumbani. Makadirio ya Benki ya Dunia yanaonyesha kuwa karibu robo tatu ya Wakongomani wanaishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kwa familia kama hiyo, kiasi cha mwezi mmoja kinachotakiwa na ubalozi ni zaidi ya kipato cha mtu mmoja kwa mwaka mzima.

Hata hivyo, si kweli kwamba Banalia haina fedha. Wilaya hiyo ina dhahabu na almasi zinazochimbwa kwa mikono, ina mawese, na eneo la Bengamisa limejulikana kwa kakao tangu zamani. Mfanyabiashara wa dhahabu au mkulima mkubwa anaweza kukusanya maelfu ya dola katika msimu mzuri. Tatizo ni kwamba fedha hizo hutembea mkono kwa mkono. Hazina hati ya mshahara, taarifa ya benki ya miezi sita wala risiti ya kodi. Familia inapoziweka benki kwa mara moja wiki mbili kabla ya miadi, ofisa wa viza haoni akiba. Anaona kiasi kikubwa kilichoingia ghafla bila chanzo, na hiyo ni sababu ya kawaida ya kukataliwa.

Hapa mfumo unapima jambo tofauti na linalodaiwa kupimwa. Swali rasmi ni kama mwanafunzi ataweza kujikimu. Swali linalojibiwa ni kama familia yake imo katika uchumi wa karatasi. Mtumishi wa umma wa Kinshasa mwenye mshahara wa wastani unaopitia benki anaweza kuwa na faili safi kuliko mfanyabiashara wa Panga mwenye fedha mara kumi zaidi.

Kwa nini shule ya lugha hutiliwa shaka

Kati ya viza za masomo, ya shule ya lugha ni miongoni mwa zinazochunguzwa kwa ukali. Mwanafunzi wa shahada ana chuo, miaka ya kusoma na cheti kinachojulikana. Wa shule ya lugha ana kozi ya miezi michache, ada aliyolipa mwenyewe na sababu ambayo ofisa anaweza kuihoji kwa sentensi moja: kwa nini usijifunze lugha hiyo nchini mwako? Kinshasa kuna Goethe-Institut, na anayetaka Kiingereza anaweza kupata walimu Kisangani kwenyewe.

Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka masharti ya kuitenganisha shule ya kweli na mlango wa kuingilia tu. Ujerumani inataka kozi ya mkazo, isiyopungua saa 18 kwa wiki, na kozi za jioni au za mwisho wa wiki hazihesabiwi. Kibali chake hakizidi miezi 12. Marekani inataka shule iwe imeidhinishwa na serikali ya shirikisho kupokea wageni na kumpa mwanafunzi fomu ya I-20, kisha mwombaji alipe dola 350 za mfumo wa kufuatilia wanafunzi na dola 185 za ombi la viza. Uingereza ina viza ya pekee kwa kozi za Kiingereza za miezi 6 hadi 11, kwa ada inayozidi pauni 200. Ada za maombi hazirudishwi mtu akikataliwa.

Lipo pia kosa ambalo huwagharimu wengi. Viza fupi ya Schengen, ambayo ada yake ilipanda hadi euro 90 Juni 2024, ni ya kukaa siku zisizozidi 90. Kozi ya miezi minane au mwaka inahitaji viza ya muda mrefu ya nchi husika, yenye masharti yake na dirisha lake. Anayeomba ile fupi akitumaini kuibadilisha akiwa Ulaya hujikuta amekataliwa, au amefika na hawezi kubaki kihalali.

Sheria za Marekani humchukulia kila mwombaji wa viza ya mwanafunzi kuwa ana nia ya kuhamia, hadi athibitishe vinginevyo. Kijana asiye na kazi, mali iliyosajiliwa wala familia yake mwenyewe ana vitu vichache vya kuweka mezani kuthibitisha kwamba atarudi. Vilevile, amri ya Marekani ya Juni 2025 ya kuzuia raia wa nchi kadhaa iliitaja Kongo-Brazzaville, na ikaweka vizuizi kwa viza za wanafunzi kutoka Burundi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwamo. Majina ya Kongo hizi mbili yanafanana, na uvumi husafiri haraka kuliko maandishi, hivyo kusoma orodha yenyewe si jambo dogo.

Njia ya kukata rufaa nayo inafungwa. Kwa miaka mingi, aliyekataliwa viza na ubalozi wa Ujerumani aliweza kuandika barua ya pingamizi bila malipo na faili lake likaangaliwa tena. Utaratibu huo ulifutwa duniani kote Julai 1, 2025. Sasa aliyekataliwa ana mambo mawili: kuomba upya na kulipa tena, au kufungua kesi katika mahakama ya Berlin. Kwa mtu wa Banalia, la pili lipo katika karatasi tu.

Pengo kati ya masharti haya na uelewa wa waombaji ndilo linalowapa mawakala riziki. Anayejitambulisha kuwa ana mtu ndani ya ubalozi, au anauza miadi, barua ya shule na taarifa ya benki kwa bei moja, humkuta mteja ambaye hajawahi kuona fomu halisi. Barua ya kughushi ikigunduliwa, anayeadhibiwa ni mwenye pasipoti. Jina lake linaweza kubaki katika kumbukumbu na kuharibu maombi ya miaka inayofuata, hata akiwa na karatasi za kweli.

Mwaka wa lugha uliolipiwa na serikali

Tshopo imewahi kujua njia nyingine. Patrice Lumumba, aliyefanya kazi ya ukarani wa posta Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, alijenga sehemu kubwa ya nguvu zake za kisiasa katika mji huo. Baada ya kuuawa mwaka 1961, Umoja wa Kisovieti uliipa jina lake chuo kikuu cha Moscow kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla kwa ajili ya wanafunzi wa Asia, Afrika na Amerika Kusini. Mwanafunzi aliyefika huko bila kujua Kirusi aliwekwa kwanza katika kitivo cha maandalizi kujifunza lugha kabla ya kuingia darasa la udaktari au uhandisi. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992 na kurudishwa mwaka 2023.

Mfumo huo wa mwaka wa lugha ndani ya ufadhili haujafa. Urusi, China na Uturuki bado huwapa wanafunzi wanaowafadhili mwaka wa kujifunza lugha kabla ya masomo yenyewe. Tofauti kwa upande wa viza ni kubwa. Aliyefadhiliwa haulizwi taarifa ya benki ya baba yake, kwa sababu serikali inayompokea ndiyo inayomlipia, na shaka kwamba shule ya lugha ni kisingizio inapungua, kwa kuwa lugha ni hatua ya kwanza ya shahada.

Chuo Kikuu cha Kisangani nacho kinaonyesha jinsi taasisi inavyobadilisha uzito wa faili. Ushirikiano wake na vyuo vya Ubelgiji umepeleka wanasayansi wengi wa mkoa huo kusoma nje. Mwombaji mwenye barua ya taasisi inayojulikana, profesa anayemsubiri na kazi ya kurudia hatazamwi kama anayekwenda peke yake na risiti ya ada. Lakini nafasi hizo ni chache, na huwafikia waliokwisha kuingia chuo kikuu. Mhitimu wa sekondari wa Banalia mara nyingi husikia tangazo la ufadhili tarehe ya mwisho ikiwa imepita.

Mlango wa mashariki

Wakati milango ya Ulaya na Marekani inazidi kuwa mizito, ule wa mashariki umekuwa mwepesi. Kongo ilipokelewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2022. Mwaka 2023 Kenya na Tanzania ziliondoa sharti la viza kwa raia wa Kongo, na Uganda ikaondoa ada ya viza kwao kuanzia Januari 1, 2024. Kampala kwa miaka mingi imekuwa mji ambao vijana kutoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini huenda kusoma Kiingereza kwa gharama ndogo, na mitihani ya kimataifa ya lugha hiyo hufanyika huko na Nairobi.

Kwa watu wa Kisangani mlango huo si mgeni. Kiswahili kilifika maeneo hayo katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani na Zanzibar, na mwaka 1887 Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe na watumwa, na kumbukumbu yake ni chungu. Lugha, hata hivyo, ilibaki, na leo humwezesha kijana wa Tshopo kuuliza njia, kupanga chumba na kuelewana na ofisi Nairobi au Dar es Salaam kabla hajajua neno la Kiingereza.

Lakini kuingia bila viza si sawa na kuruhusiwa kusoma. Mgeni anayeingia Uganda au Kenya hupewa muda wa matembezi, na anayejiandikisha shuleni anatakiwa kuomba kibali cha mwanafunzi. Itifaki ya Soko la Pamoja la jumuiya inataka kibali hicho kitolewe bila ada kwa raia wa nchi wanachama. Wengi hupuuza hatua hii kwa kuwa hakuna anayewauliza mwanzoni. Gharama huja baadaye, kwa faini ya kuzidisha muda, au pale wanapoomba viza ya nchi nyingine na kushindwa kueleza walikaa Kampala kwa hadhi gani.

Kibali hicho kina thamani nyingine isiyozungumzwa sana. Balozi nyingi hupokea maombi ya mtu anayeishi kihalali katika nchi zilipo, hata kama si raia wake. Kijana mwenye kibali cha mwanafunzi, mwaka mmoja wa masomo na cheti cha mtihani anaweza kuomba akiwa Kampala au Nairobi badala ya kurudi Kinshasa. Tena anaomba akiwa na jambo ambalo hakuwa nalo Banalia: rekodi ya kwenda nchi ya kigeni, kusoma na kufuata masharti.

Kinachobaki ni njia yenyewe. Barabara ya kutoka Kisangani kwenda mashariki hupita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda kabla ya kufika Bunia. Maeneo ya Mambasa na Komanda yamekuwa yakishambuliwa na waasi wa ADF, na Ituri ina makundi yake yenye silaha. Goma, uliokuwa mlango mkuu wa anga wa mashariki, ulitekwa na M23 Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Viza imeondolewa, lakini vita havijaondoka.

Linalowezekana kufanyika

Baadhi ya vikwazo hivi viko nje ya uwezo wa Tshopo. Hakuna gavana anayeweza kupunguza kiwango cha fedha kinachotakiwa na Berlin wala kubadili sheria ya Washington. Lakini sehemu kubwa ya kinachomkwamisha kijana wa Banalia iko ndani ya mipaka ya Kongo. Mahakama zinazotembea, zinazotoa hukumu za kuzaliwa wilayani kwa siku chache badala ya kumwita kila mtu mjini, si wazo geni. Uthibitishaji wa diploma ungeweza kufanywa Kisangani ikiwa wizara zingekabidhi mhuri kwa ofisi zao za mkoa. Shule za sekondari zingeweza kubandika matangazo ya ufadhili mapema, pamoja na orodha ya karatasi zinazohitajika.

Kwa upande wa familia, mpangilio wa matumizi una maana kubwa. Cheti cha kuzaliwa na pasipoti yenye majina yanayolingana huja kwanza, kwa kuwa hutumika popote, hata safari ya ng'ambo ikishindikana. Akaunti ya benki inayoingiza kidogo kidogo kwa miezi mingi ina nguvu kuliko kiasi kikubwa kilichowekwa kwa siku moja. Ada ya shule hulipwa baada ya kuhakikisha kwamba shule hiyo inatambuliwa na serikali ya nchi yake kwa ajili ya viza, na kwa kusoma kwa makini inarudisha kiasi gani mwanafunzi akinyimwa viza. Ada ya viza, ambayo hairudi, huja mwisho.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi ukiigeuza safari. Mjerumani anayetaka kujifunza Kiswahili anaweza kutua Zanzibar na kupata viza ya kuingilia papo hapo uwanjani kwa dola 50, kisha akaulizia kibali cha masomo akiwa tayari huko. Mkongomani anayetaka kujifunza Kijerumani lazima athibitishe kwanza kuzaliwa kwake, kisha fedha zake, kisha nia yake, na yote hayo katika mji ulio mbali na kwao kwa wiki kadhaa za safari. Hatua ya kwanza kati ya hizo tatu haidaiwi na taifa lolote la kigeni. Inasubiri ofisa wa kumbukumbu za raia, kitabu cha kuandikia na siku ya mahakama kufika Banalia.